Ufunguo wa Kati

Sanduku letu la bati lina kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza anao Mwanjaa, wa mihogo ya kukaanga.
Wa tatu anao Semeni, fundi wa mabuibui kule Makorora;
hasemi anapouficha hata usingizini, mumewe kashajaribu.
Wa kati ninao mimi, kwenye uzi mweusi,
umenichora alama ya kutu kifuani.

Jumatano, alasiri ikishasaliwa,
tunakaa barazani, Barabara ya Kumi na Nne,
wanawake kumi na wawili na daftari moja.
Tunahesabu kwa sauti, ndiyo sheria:
kila shilingi ipite masikioni kabla ya kuingia batini.
Noti iliyonuka dagaa.
Noti iliyokunjwa mara nne kwenye pindo la kanga.
Sarafu za Mwanamvua, bado zina joto la chuma cha vitumbua.
Ukichelewa, mia tano.
Ukipokea simu, mia tano.
Ukimcheka anayeomba mkopo, elfu nzima.

Siku hiyo Hadia alisimama akaomba laki mbili:
spana, pampu ya mguu, gundi, mipira ya ndani.
"Nitaziba pancha," akasema. "Tanga nzima inakanyaga pedali."
Tukacheka.
Bi Nunga alicheka mpaka ushungi ukamdondoka.
Kicheko kilipoisha, katibu alilamba kidole,
akafungua ukurasa wa faini,
akatuandika wote kumi na mmoja, yeye wa mwisho.
Kwa haya tukampa Hadia elfu zile za kicheko.
Akanunulia rangi ya bluu, akaandika ukutani:
FUNDI HADIA. PANCHA. UPEPO BURE.

Mdhamini wake nilikuwa mimi.

Masika yakaja, barabara zikawa mifereji,
baiskeli zikalala ndani na wenyewe.
Jumatano mbili Hadia hakuleta kitu,
na mdhamini si jina la kupamba karatasi:
nikatoa elfu ishirini na nane
zilizokuwa sare ya shule ya Sefu.
Nikawa nampita njiani nikitazama juu,
kama mtu anayekagua nyaya za umeme.
Juni akanirudishia zote, kwa noti ndogondogo zenye grisi.
Hakusema asante.
Daftari letu lina safu ya hisa, ya riba, ya faini;
safu ya asante haimo.

Mwezi wa nane mama alianguka, saa saba usiku.
Bombo walitaka dawa zinunuliwe nje.
Nilikuwa na elfu nne na ufunguo.
Nikauvua, nikautazama kwenye mwanga wa simu:
ufunguo wa kati usiku wa manane ni kipande cha chuma.
Namba ya yule wa pikipiki ninayo, kila mtaa unayo.
Kausha damu haina kufuli tatu,
ina mfuko mmoja wa suruali.
Hakuulizi mgonjwa ni nani, anauliza televisheni ni ya inchi ngapi.
Kidole kilikuwa juu ya jina lake.

Sijui nani alimwambia Hadia.
Nilisikia breki tu mlangoni.
"Panda," akasema.
Nikakaa kwenye keria, upande upande kama bibi harusi,
tukagonga kwa Mwanjaa, tukagonga kwa Semeni,
mumewe akatoka na panga, akarudi ndani na aibu.
Wanawake wanne na kufuli tatu,
tukahesabu sitini elfu kwa mnong'ono,
maana sheria ni sheria, lakini jirani ana mtoto mchanga.

Jumatano tulitozwa faini, wote wanne:
kufungua sanduku nje ya kikao.
Bi Nunga aliuliza kama kuna mwenye la kusema.
Hadia alikuwa anachokonoa grisi kwenye kucha.
Mimi nilitazama nyaya za umeme.

Mama anakula uji sasa, analalamika hauna sukari.
Nimebakiza elfu ishirini na mbili.